"Bado" ya Tano

Ni wiki ya tano tangu tumzike baba, na mimi sijatoa hata chozi moja. Shangazi kila akija ananichungulia usoni kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni. "Lia, mwanangu, utapasuka," ananiambia. Nipasuke nini? Ndani hamna kitu. Nakula, nalala, nafungua karakana, nafagia maranda.

Baba alikuwa fundi wa fidla, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake kwa miaka sita. Aliniachia kazi moja nusu: ubao wa juu wa fidla aliyokuwa akimtengenezea mama, ambaye ya kwake ilivunjika na tangu siku hiyo hajapiga. Ubao wenyewe ulikaushwa miaka kumi na tano, na mwingine kama ule hatuna. Nikiukwangua kupita kiasi, basi, kwisha habari yake, na mama ndiyo hatapiga tena.

Kazi tuliifanya hivi. Unaushika ubao kwa vidole viwili, unaugonga kwa mkono wa pili, unasikiliza. Mahali ulipo mnene mno sauti inakatika upesi, na hapo baba aliandika kwa penseli, upande wa ndani: "bado". Mimi nakwangua mpaka neno litoke, nagonga tena. Siku ubao ukiitika wote, yeye anaandika "tosha" katikati, mara moja tu. Yeye peke yake! Miaka sita, mzee yule hakuwahi kunipa ile penseli. Nilimnunia kwa hilo, na hata sasa namnunia, marehemu au si marehemu.

Kwenye ubao wa mama alikuwa ameandika "bado" mahali patano.

Maneno manne niliyakwangua kwa siku mbili. Mwandiko wake ulitoka na maranda, nikaufagia pamoja na vumbi, wala sikuhisi chochote. Nilipofikia la tano mama akaingia, akaliwekea kiganja.

"Hili niachie."

"Mama, sauti itabana."

"Ibane. Ni mwandiko wake wa mwisho. Una moyo wa namna gani, mtoto wewe?"

Hata mimi nilikuwa sijui. Nikasema moyoni, basi yaishe, fidla ni yake. Nikapasha gundi tuufunge ubao kwenye mwili wa fidla, neno likae humo ndani.

Gundi ilipolainika akasema, "Hebu gonga kwanza nisikie."

Nikagonga. Ko. Kifupi, kama mtu anayebisha kwenye nyumba ambayo watu wamehama.

Mama ana sikio, hilo hata baba alilikubali kwa shingo upande. "Tena," akasema. Nikagonga tena. Gundi ikaanza kufanya utando.

"Angenifokea," akasema. "Angeniuliza, mama watoto, unataka fidla au unataka barua? Kwangua."

"Una hakika?"

"Kwangua kabla sijabadili mawazo, bwana!"

Nikakwangua kidogo kidogo, nikigonga kila baada ya mikwaruzo mitatu. Mama alikinga kiganja ukingoni mwa meza, akayadaka yale maranda yenye weusi wa penseli, akayafunga kwenye leso yake. Kisha nikagonga, na ubao ukaitika. Sauti ilikwenda, ikakaa, nikaisikia mpaka kwenye vidole vilivyoushika.

Nikakigeukia kiti cha dirishani alikozoea kukaa baba, nikamnyooshea ubao, aandike.

Kiti kilikuwa kitupu. Mkono wangu ukabaki hapo hapo umenyooka, sijui kwa muda gani. Mama aliuona. Akaitoa penseli kwenye kikombe cha baba, akanitia vidoleni.

"Andika wewe."

Niliandika herufi mbili. Ya tatu sikuiona, macho yalikuwa yamejaa, na sauti iliyonitoka sikuijua kuwa ni yangu.

"Sogeza uso huko, utaulowesha ubao!" mama akasema, naye analia, akiuvutia uso wangu kifuani kwake.