Breki ya Upande wa Mwalimu

Gari la mafunzo lilikuwa na breki mbili, moja upande wa mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu. Breki ya mwanafunzi ilikuwa na mpira mpya ambao mistari yake haijafutika. Breki ya mwalimu ilikuwa imelika mpaka chuma kinang'aa kama kijiko. Jumanne asubuhi fundi wa mapazia alikaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akarekebisha kioo, akamtaja Mungu kwa sauti ndogo na kuingiza gia ya kwanza. Gari lilisogea urefu wa mlango. Mwalimu akakanyaga.

"Unataka kuua watu," mwalimu alisema.

Barabarani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mfuko wa nailoni, nao ulikuwa umeshapita.

Wanafunzi walimwita mwalimu huyo Kisigino, ingawa si mbele yake. Alikuwa na kijiti cha meno kisichotoka mdomoni na simu iliyoota begani. Somo la dakika arobaini lilipitia kwa dobi wake, kwa kinyozi wake, na kwa rafiki yake mmoja ambaye ilibidi apigiwe honi mpaka atoke nje kucheka. Mwanafunzi alishika usukani, Kisigino alikanyaga. Aliwakanyagia wanawake tu. "Mwanamume hujifunza akigonga," alisema, na ukuta wa shule yake ya udereva ulikuwa umejengwa upya mara tatu kwa sababu ya elimu hiyo.

"Wewe na gari, mama, ni paka na maji," alimwambia fundi. "Lakini usiogope, nipo."

Hilo la kuwapo lilikuwa kweli. Wiki ya sita breki yake ilianza kumfuata fundi kazini. Alikuwa kwa mteja, juu ya ngazi, ndoano za pazia zimebanwa midomoni, wakati Kisigino upande wa pili wa mji alipomkanyagia mwanafunzi mwingine. Fundi akasimama. Mkono uliokuwa ukipanda ulibaki hewani. Pumzi iliendelea na macho yaliendelea, vingine vyote vilingoja. Mguu ulipoinuka alitia ndoano palipostahili na kuchukua inayofuata.

"Unajifunza kwa Kisigino?" mteja aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Ndiyo."

"Basi," mteja alisema, akafungua ukurasa mwingine wa gazeti.

Nyumbani bintiye alizoea haraka. Akimwona mama yake ameganda na mwiko mkononi alisema, "Mama amekanyagwa," akaepua sufuria, akarudi kwenye vitabu vyake. Kisigino alikanyaga akipiga chafya. Alikanyaga akicheka. Mwanamke mwenye haraka akipita mbele ya gari, alikanyaga, kwa sababu haraka ya mwanamke ilimuudhi kuliko taa nyekundu.

Fundi angevumilia, maana uvumilivu alikuwa nao wa akiba, lakini siku zilikuwa zinamkimbia. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia gari dogo la mizigo. Ndilo lililobeba majora ya vitambaa, fito na ngazi kwenda kwa wateja. Tangu msiba lilikuwa uani, limefunikwa turubai, na kazi za mbali zote alizikataa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kila Jumapili kulizunguka. Alipiga matairi mateke kama mtu anayechagua tikiti.

"Gari lisiloendeshwa linaoza, shemeji," alisema. "Nakuonea huruma tu."

Huruma yake aliipeleka kwenye kikao cha ukoo, na ukoo ukakubali. Ikifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, mjane aje kwa shemeji yake akiendesha gari mwenyewe, na leseni mkononi. Asipoweza, gari litachukuliwa na huyo shemeji. Wazee walisema ni haki kwa pande zote mbili. Wazee wa aina hiyo haki huiona kila wanapokula kwa mtu.

Sasa ilikuwa wiki ya kumi na nne na Kisigino alikuwa hajamwandikia ruhusa ya kufanya mtihani wa barabarani. Kila alipoulizwa alisema, "Bado hujaiva." Wanaume waliojiunga nyuma ya fundi walikuwa wameshaiva, wamegonga na wamepewa leseni.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shule nyingine, ya chumba kimoja na gari moja, na mwalimu wake alikuwa mwanamke aliyeitwa Taratibu. Fundi alilitazama bango lake siku nyingi akingoja zamu. Kuhama maana yake ni kuanza tena somo la kwanza, na kalenda ilikuwa imebakiza wiki tano. Alimuuliza karani wa Kisigino, mama aliyekuwa akichana nywele za wigi juu ya meza.

"Mama'ngu, baki," karani alisema. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Methali hiyo hupendwa zaidi na walioajiriwa na zimwi.

Ijumaa jioni fundi alipiga magoti kando ya kitanda kuomba aongozwe, abaki au ahame. Alipofika penye kuomba msamaha wa dhambi, aliganda. Neno lilibaki nusu, ulimi umegusa meno. Alikaa hivyo mpaka magoti yakafa ganzi. Jumamosi karani alimsimulia, bila kuulizwa, kwamba jana jioni Kisigino alikuwa ameegesha gari kutazama mpira kwenye simu, na timu yake ilikosa penalti.

Kusimamishwa juu ya ngazi fundi alikuwa amekuvumilia. Kusimamishwa mbele ya Mungu na mtu anayechokonoa meno, hakuona andiko lililoruhusu. Alidai kadi yake ya mafunzo siku hiyohiyo.

Kisigino alimpa bila ubishi. Aliipuliza vumbi, akaigonga mara mbili mezani.

"Nenda, mama. Kwa mwanamke mwenzako, mkafundishane kusuka," alisema, na karani akacheka kwa sababu mshahara ulikuwa bado. "Utanikumbuka."

Taratibu alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikaa kiti cha mwalimu miguu ameikunja chini kabisa, mbali na breki. Alimwachia fundi barabara. Somo la kwanza fundi aliendesha mpaka mwisho wa lami na kurudi, akapita mzunguko mara mbili kwa kupenda tu. Somo la tatu, saa nne kamili, wakiwa katikati ya makutano, fundi alisimama. Mikono iliganda kwenye usukani, na gari nalo likasimama. Alitaka kumgeukia mwalimu wake mpya kumweleza, lakini shingo ilikataa. Kwa pembe ya jicho alimwona Taratibu naye ameganda, kidole kimeinuliwa kuonyesha kibao cha barabarani, mdomo wazi. Nyuma yao honi zililia. Upande wa kushoto daktari wa meno alikuwa amesimama ndani ya gari lake. Upande wa kulia mwuza maua alikuwa amesimama ndani ya lake. Wote walikuwa wanawake.

Mguu ulipoinuka Taratibu alimalizia sentensi yake kuhusu kibao. Kisha alisema, "Saa nne hunywa chai. Hunyoosha miguu."

"Na wewe alikufundisha?"

"Miaka ishirini na miwili iliyopita."

"Nilidhani ukipata leseni huachwa."

"Leseni hutolewa na serikali, mama. Mguu ni wake mwenyewe."

Fundi alipita makutano, akatoa indiketa, akaegesha pembeni. Aliuliza kuna faida gani basi ya kuhama.

"Kwangu utakanyagwa kwa mbali tu," Taratibu alisema. "Kwake ungekanyagwa na garini pia, kila uingizapo gia, na mtihani hupati. Halafu mimi ratiba yake naijua."

Alitoa daftari la shule lenye kava la bluu. Saa mbili kasoro robo Kisigino hupiga chafya, kwa sababu ya poda ya kinyozi wake. Saa nne ni chai. Saa sita humpigia rafiki yake na hucheka. Saa nane, baada ya kula, hulala ndani ya gari, kichwa dirishani, miguu imelegea, mpaka saa tisa na nusu. Ndani ya saa hiyo moja na nusu ndipo wanawake wa mji ule walipofanya mambo yao yote ya maana. Walivuka barabara, walitia uzi kwenye sindano, walijibu waume zao.

Mtihani uliombwa uwe saa nane na robo. Mtahini alikuwa mzee mwenye kalamu tatu mfukoni, moja tu inayoandika. Fundi aliendesha, akapanda mlima, akasimama katikati ya mlima na kuondoka bila gari kurudi nyuma hata kidole, akaegesha kinyumenyume kati ya mapipa mawili. Mtahini alimwambia ameendesha kama mwanamume. Alidhani ni sifa. Fundi alisema asante, kwa kuwa alihitaji sahihi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba ilifika na leseni ikiwa ndani ya Kitabu Kitakatifu, kwenye kiti cha abiria. Fundi aliomba kikao kiwe saa nane. Shemeji alisema saa nne, maana mchana wazee husinzia. Fundi alitoka mapema ili afike kabla ya chai. Lakini kwenye daraja kulikuwa na lori limeharibika, na alipoingia mtaa wa shemeji saa yake ilikuwa imebakiza dakika moja. Alikunja kwenye lango. Tairi za mbele zilikuwa zimeshaingia uani, za nyuma bado zipo barabarani, Kisigino alipoketi, akaipulizia chai yake na kunyoosha miguu.

Gari lilisimama langoni. Wazee saba walikuwa wamekaa kwenye viti chini ya kivuli cha nyumba.

"Mnaona?" shemeji alisema. "Mnaona wenyewe? Amefika mlangoni, akili imekwisha."

Mkewe alikuwa akitoka jikoni na sinia la vikombe. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja mbele, sinia usawa wa kifua, mvuke ukipanda usoni. Miaka kumi na moja iliyopita alihudhuria masomo matatu kwa Kisigino kabla ya mumewe kumwambia inatosha. Tangu hapo alisimama hivyo kila siku, na mumewe, ambaye hakuwahi kuuliza, alidhani ni adabu. Alikuwa ameshamsifia kwa watu.

Wazee waliwatazama wanawake wawili waliosimama, mmoja langoni, mmoja mlangoni. Aliyewashughulisha alikuwa wa mlangoni, kwa sababu ndiye mwenye chai. Walizungumza habari za lori la darajani. Walizungumza habari za mvua. Mguu ulipoinuka vikombe vilifika na gari likaingia. Fundi aliliegesha kati ya tangi la maji na ukuta, pande zote mbili pakabaki nafasi ya kiganja, akashuka na kumpa mzee mkubwa leseni kwa mikono miwili.

Mzee aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza. Alimwuliza shemeji kama ina kasoro. Shemeji alitafuta kasoro mpaka chai ikapoa.

"Gari ni la mjane," mzee alisema hatimaye. "Ila ajirekebishe hiyo tabia ya kusimama ovyo."

Fundi alisema, "Nimesikia, baba." Mke wa shemeji, akiokota vikombe, alimgusa bega kwa kiwiko kisha akapita.

Shemeji hakulala na kinyongo, hakuwa na kichwa cha kukitunza. Alichokumbuka ni kwamba gari lilikuwa limeganda langoni bila kugusa nguzo. Jumapili alikuja uani akiwa na binti yake wa kwanza, aliyemaliza shule mwaka ule, akauliza mwalimu aliyemfundisha shemeji yake breki nzuri hivyo yuko wapi.

"Nenda kwa Taratibu," fundi alisema. "Yule mwingine, shemeji, mguu wake haumwachi mtu. Mwulize mkeo."

"Mke wangu anajua nini cha magari?"

"Anajua."

"Mwanamke atamfundisha nini mwanamke mwenzake? Nimesikia mwanafunzi wa kike wa Kisigino hajawahi kugonga hata kuku. Mwaka huu wamempa cheti cha usalama barabarani."

Ilikuwa kweli. Cheti kilikuwa kimetundikwa juu ya kiti chake, na shule ilikuwa imeongezewa gari la pili.

Fundi alimpa msichana nakala ya daftari la bluu, aliyokuwa amejiandikia mwenyewe kwa mwandiko mkubwa. Msichana alisoma ukurasa wa kwanza, akaikunja, akaitia mfukoni haraka kabla baba yake hajageuka.

Wiki ya saba baada ya hapo, saa nne, fundi alikuwa kwenye mzunguko na majora sita ya kitambaa cha kijani. Alisimama. Katika leni ya pili gari la mafunzo lilisimama sambamba naye. Msichana alikuwa kwenye usukani. Kando yake Kisigino alikuwa na kikombe cha chai mkononi, miguu ameinyoosha mpaka magoti yakanyooka, akicheka na simu. Wanawake hao wawili walitazamana kwa pembe za macho. Nyuma yao dereva mmoja alitoa kichwa dirishani na kuuliza nani aliwapa hawa leseni, na mwenzake akamjibu kwamba ndiyo maana wanahitaji mwalimu mkali.

Kisigino alimaliza chai. Mguu uliinuka. Fundi aliingiza gia ya kwanza, akamwashia msichana taa, akampisha apite mbele.