Cheni Isiyotiwa Mafuta

Evalina alipoanza kukimbia, mumewe Magese alicheka mpaka akapaliwa na uji. Mwanamke wa miaka arobaini na nane, muuza mchele wa sokoni Bariadi, mwenye wajukuu, anavaa suruali ya michezo na raba za mtumba alfajiri yote ile, anakimbizana na nani? Daktari alikuwa amemwambia presha imepanda na aufanyishe mwili mazoezi, basi akajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani kwao. Magese akampa wiki moja. Mwili wenyewe utamrudisha, alisema.

Mwili haukumrudisha. Ulianza kupungua, na hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Evalina alirudi uso unang'aa, akasonga ugali huku akiimba nyimbo za mchakamchaka, na jina la Januarius likawa halikosekani kwenye chakula, kama chumvi. Januarius kasema tupumue kwa pua. Januarius kasema tusile tukashiba sana jioni. Huyo Januarius ndiye kiongozi wa klabu, mgane, mrefu, tumbo hana. Magese alikuwa nalo la kuwatosha wote wawili. Wivu ukamwingia, na wivu haujui kuheshimu mvi za mtu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Asubuhi moja Magese akatoa baiskeli yake, ile anayobebea magunia ya pamba wakati wa mavuno, akamfuata mkewe. Alisema anambebea maji. Cheni ilikuwa kavu, inalia kwii, kwii kila akikanyaga pedeli. Jirani yake Bujiku alimshauri aitie mafuta, akakataa. Ng'ombe huvalishwa kengele, alimjibu, watu wakaisikia kabla hawajamwona, wakajua ana mwenyewe. Januarius naye asikie.

Wanaklabu wakamcheka, wakambandika jina la Mlinzi. Hakujali. Kila alfajiri walishika barabara ya Lamadi, na kila Januarius alipomsogelea Evalina amwelekeze namna ya kutupa mikono, Magese alijipenyeza katikati na tairi lake. Evalina aliongeza mwendo. Magese akakanyaga kwa nguvu, kwii kwii kwii, na Evalina akaongeza tena. Hapo roho ya Magese ilitulia kidogo. Tazama mke mwenye adabu, alijiambia, anavyomkimbia yule mwanamume. Pamba ilipoanza kuchumwa, hakuna mtu kwenye klabu aliyeweza kumfikia Evalina, na Januarius alikuwa mmoja wa walioachwa.

Mwezi wa saba parokia moja ya Lamadi ikaandaa mbio za kuchangia paa la zahanati. Baiskeli hazikuruhusiwa njiani. Magese aliachwa kwenye utepe wa mwisho, karibu na wauza samaki, na saa ile ilimtesa kuliko njaa. Aliwaona wawili wale kichwani mwake, bega kwa bega, wanapumua kwa pua, wanaambiana mambo. Aliona hata Januarius akimpa maji. Maji yale yalikuwa kazi yake yeye.

Evalina akatokea peke yake. Mbele yake hapakuwa na mwanamke yeyote, na nyuma yake barabara ilikuwa tupu. Januarius alikuja baadaye sana, kashika ubavu, na Magese akafurahi kwa furaha ambayo hata padri asingeiondolea dhambi mara moja. Mshereheshaji akamsogezea Evalina kipaza sauti, akamuuliza siri ya mbio zake katika umri ule.

"Cheni ya baiskeli ya mume wangu," alisema Evalina.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Magese akavua kofia, akainama kama mbunge aliyeshinda.

Walikula sato kwenye kibanda kando ya barabara. Magese alisubiri mpaka mhudumu aondoke, ndipo akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza, kama Januarius alikuwa naye njiani.

Evalina alinawa mikono kwanza. "Baba Zengo, wale watu wamecheka, lakini mimi sikutania. Kila asubuhi nilikuwa nakimbia mpaka nifike mahali ambapo siisikii ile cheni. Ningekuwa namtaka Januarius, si ningebaki nyuma na Januarius?"

Magese alimtazama samaki wake. Miezi yote ile alikuwa amejisifu kwamba anamfukuza mwizi, kumbe aliyekuwa akifukuzwa ni mwenye nyumba. Hakula tena.

Keshokutwa yake, alfajiri, baiskeli ilibaki imeegemea ukuta. Magese alivaa katambuga zake za tairi, akatoka na wenzake kwa miguu. Hata nyumba za mwisho za mtaa hawajazipita, kifua kikaanza kumwaka. Akina mama wakampita wakiimba. Januarius naye akampita, akamwamkia kwa adabu, mwangaluka baba, akatangulia mbele kule alikokuwa Evalina. Wivu ukampanda Magese kuliko siku zote, kwa sababu leo hakuwa na tairi la kujipenyeza. Alikuwa na magoti mawili tu, na yote yanauma.

Mbele kabisa, Evalina akapunguza mwendo. Miezi yote ile cheni ikilia nyuma yake, hakuwahi hata siku moja kugeuza shingo. Leo hakusikia kitu. Akageuka, akamtafuta kwa macho kuwapita wale wote waliokuwa katikati yao, Januarius akiwa mmojawapo, mpaka akamwona. Hakumsubiri. Aligeuka mbele, akaendelea na safari yake.

Magese akashika kiuno, naye akaendelea kukimbia.