Mabao ya Jukwaa la Mashariki

Saa mbili asubuhi Mama Nyasi alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja wa taifa, anachokoa kokoto kwenye visu vya mashine ya kukatia majani, jukwaa la mashariki liliposhangilia bao. Jukwaa lenyewe halikuwa na mtu. Viti vilikuwa vimeng'olewa, ngazi zimebaki mifupa. Hata hivyo shangwe zilikuwa za maelfu, na tarumbeta moja ilichelewa kunyamaza. Aliinua kichwa, kwa mazoea tu, amwone mfungaji. Aliona lori likitoka kwa lango la nyuma, turubai limekazwa vizuri, ncha za nondo zikichungulia.

Nondo hizo zilikuwa zimeingia jana yake kwa lango la mbele, zikipigwa picha. Nchi rafiki ilikuwa imetoa msaada wa kuukarabati uwanja, na kazi ilianzia mashariki kwa sababu jukwaa hilo liliporomoka siku ya fainali, miaka sita nyuma. Mume wa Mama Nyasi, mkata tiketi, alikuwa kibandani chini yake.

Kufikia siku ya tatu kila mtu alishaelewa. Lori likitoka na saruji, bao. Likitoka na nondo, bao na vigelegele. Fundi akitoka na msumari mfukoni, makofi machache ya adabu. Wauza chai wa nje waliacha kuuliza nani anacheza, waliuliza tu, "Leo ngapi?"

"Majengo ya zamani yana mwangwi," alisema meneja wa mradi, na hakuna aliyembishia.

Mhandisi wa wafadhili alipokuja kukagua, Mama Nyasi alivua glavu akamfuata. Pembeni yake alisimama mkalimani, shemeji wa meneja.

"Mwambie jukwaa linashangilia kila vifaa vikiibwa. Mwambie neno kwa neno, baba."

Mkalimani alizungumza kwa kirefu. Mhandisi akatabasamu, akasema maneno machache, akampa mkono.

"Amesemaje?"

"Amefurahi kuona wananchi wanaupenda mradi."

Wakati huohuo lori likapita lango la nyuma, jukwaa likalipuka kwa shangwe. Mhandisi alivua kofia yake ngumu, akalipungia jukwaa tupu, kisha akaandika kitu kwenye daftari.

Jukwaa lilikamilika kabla ya tarehe yake, likapakwa rangi. Jioni moja binti wa Mama Nyasi alikuwa akipiga pasi sare ya kwaya ya shule.

"Siku ya uzinduzi tunaimba, mama. Tumepangiwa mashariki, kwaya nzima."

Mama Nyasi hakulala vizuri. Asubuhi alimwendea mwalimu wa kwaya.

"Mwalimu, wapeleke watoto upande mwingine."

"Dada yangu, mimi nakaa nyuma ya uwanja. Nilihesabu mabao mpaka arobaini, nikachoka."

"Sasa?"

"Niliomba tuhamishwe. Nikaambiwa jukwaa jipya likikaa tupu tutawavunjia heshima wageni. Basi nimewapanga safu tatu za chini. Wakianguka, wasianguke mbali."

Siku ya uzinduzi Mama Nyasi alimgusa binti yake kipaji cha uso. "Una homa."

"Sina, mama."

"Unayo. Rudi kitandani."

Akafunga mlango kwa nje, akaenda kazini kuchora mistari ya chokaa. Hakumwambia mzazi mwingine yeyote. Njiani alijiambia kwamba wana masikio, wote wamesikia.

Waziri alikata utepe, akawashukuru wafadhili, akawasifu wasimamizi kwa uaminifu wao. Jukwaa la mashariki likashangilia. Watu waliokaa pale walipiga makofi kidogo tu kwa sababu ya jua. Kelele nyingine zote zilitoka ndani ya zege, na zilipoendelea mno waziri aliinua mikono miwili kuzituliza, akaonekana mwenye furaha.

Kisha kwaya ikasimama. Katika ubeti wa pili jukwaa lilitoa sauti ndogo, kama mtu anayesafisha koo, na vumbi laini likadondoka juu ya mabega ya watoto. Msichana anayeongoza wimbo alijipangusa jicho, akaendelea.

Mama Nyasi alisimama kwenye mstari wa pembeni, ndoo ya chokaa mkononi. Katika safu ya pili watoto walikuwa wameacha pengo, pana kiasi cha mtu mmoja. Mwalimu naye aliliona. Bila kukatisha wimbo, alionyesha kwa kidole, na msichana wa mwisho akasogea, akaliziba.