Muziki Uliotokea Manyamanyama

Jumamosi alasiri akina mama wa Makoko, Musoma, walikuwa wanaanua dagaa waliokauka ufukweni. Nyuma yao, ndani ya ghala bovu la pamba, Pastory alikuwa anaunga nyaya za amplifaya kwenye betri ya gari, na Bernado alikuwa ameshatundika mapipa ya mafuta kwenye boriti. Boke alifika na litungu, zeze la nyuzi nyingi la marehemu babu yake, amelifunga kwa kanga mgongoni, kama anavyobebwa mtoto. Watu waliokaa kwenye mabenchi ya kuazima kanisani wakampisha.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa kundi lao kupiga mbele ya watu. Boke akaketi, akasogeza kinasa sauti cha amplifaya karibu na ngozi ya litungu. Kinasa chenyewe kilikuwa mkono wa simu ya mezani uliokatwa. Akapiga uzi wa kwanza.

Haukusikika. Akapiga wa pili na wa tatu, nayo ikawa vilevile. Bernado akaligonga pipa kwa nondo. Pipa likayumba bila kutoa sauti. Pastory alikuna gita lake lililofungwa waya za breki za baiskeli, na vidole vyake vikaonekana vikikimbia, basi. Mbuzi akapita mlangoni akilia, akasikika vizuri kabisa.

Hawakuacha. Walikuwa wamefanya mazoezi mengi mno hata wasiweze kuacha. Boke akasogeza mdomo kwenye kinasa, akaimba wimbo wote kwa macho yaliyofumbwa, na alipomaliza, mzee mmoja wa benchi la mbele akavaa kofia yake.

"Vijana wa sasa mnapigaga muziki wa kutazama," alisema. "Si mbaya. Hausumbui."

Kundi lenyewe lilizaliwa na ukimya. Wote watatu walikuwa wamefanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha nyavu kule Buhare. Miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa ikinunuliwa kwa kuvizia, mitambo ya kiwanda haikuacha kunguruma. Kisha likaja soko huria. Sabuni ikajaa madukani, sukari ikajaa, na nyavu kutoka nje nazo zikajaa, za bei ndogo kuliko za Buhare. Mitambo ikazimwa. Wafanyakazi wakarudi majumbani, wakajilaza, usingizi ukakataa. Walikuwa wamezoea kulala na ngurumo masikioni. Mganga wa zahanati aliwaambia ukimya hauna dawa.

Bernado, aliyekuwa akitia mafuta mitambo, ndiye aliyeanza kugonga sufuria kwa mwendo wa mtambo wake. Mke wake akalala. Majirani waliokuwa kiwandani wakalala. Pastory akaleta gita, Boke akaleta litungu, na taratibu ile dawa ya usingizi ikawa muziki wa namna nyingine. Haukuwa dansi wala kwaya. Padri alipoulizwa alisema haukuwa dhambi, ila yeye hakuujua ni nini. Miezi yote ya mazoezi ulisikika hadi kwenye mitumbwi. Ulipotea siku ile ya onyesho, ambayo Boke kwa mara ya kwanza aliuingiza wimbo aliokuwa akimlazia mwanawe.

Siku mbili baadaye kondakta wa basi la Bunda aliwapa habari. Jumamosi alasiri, alisema, muziki wa ajabu ulitokea Manyamanyama, kule Bunda, kwenye uwanja wa bibi mmoja anayeitwa Dafroza, juu ya kichanja cha vyombo. Kulikuwa na mapipa, gita, na mwanamke anayeimba na litungu.

"Wapigaji hawakuwepo," alisema. "Lakini vyombo vyao ni vizuri."

Boke akakaa chini palepale stendi, kwa sababu huko Manyamanyama ndiko alikomwacha mwanawe.

Alikuwa ameolewa na Dafroza. Watu wa Mara wanaijua ndoa hiyo, nyumba ntobhu: mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, humwoa msichana, na watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanamume yeyote huwa wa nyumba yake. Baba yake Boke, kule Butiama, aliwapokea ng'ombe asubuhi, na kabla jua halijazama ng'ombe hao walishakwenda kwa wakwe wa Leonardi, kaka yake Boke, kuwa mahari ya mke wake. Boke alikuwa bado anavaa sare ya shule. Akamzaa binti, Robi. Mtoto alipoanza kutembea, Boke aliondoka kwenda Musoma kutafuta kazi, akidhani atamfuata mtoto baadaye. Alipomfuata aliambiwa mtoto ni wa ng'ombe. Dafroza alishaoa msichana mwingine, Jeska, na Robi alikuwa anamwita Jeska mama. Boke aliombwa asilie mbele ya mtoto, na akaambiwa atajulikana kama shangazi.

Tangu siku ile ya stendi, kundi lilipiga kila Jumamosi. Watu wachache wa Makoko walikuja kutazama, hasa wenye kuumwa kichwa. Manyamanyama watu walikuja na vigoda. Afisa utamaduni alifika hapo, akasikiliza hadi mwisho, akasema kundi ambalo halipo halihitaji kibali. Boke naye akaanza kuongea katikati ya nyimbo. Alimwita Robi kwa jina. Alimwambia alizaliwa siku ya mvua ya mawe, akatoka amekunja ngumi. Alimwambia, "Mimi ni mama yako, nipo Musoma." Ghalani midomo yake ilicheza tu. Bernado na Pastory waliinamisha vichwa kwenye vyombo vyao wasiisome.

Mwishowe akaamua kwenda. Aliwaomba wenzake wapige bila yeye, akapanda basi Jumamosi asubuhi, na kwenye mkoba wake akaweka gauni dogo la mtumba lenye mifuko. Alitaka kurudi na mtoto. Aliona kuwa sasa mtoto ameshamjua, na wazee wangewezaje kukataa jambo lililosikiwa na mtaa mzima?

Dafroza alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mke wangu. Umekonda! Musoma hawakulishi?"

"Nakula, mama."

"Unakula nini, upepo? Jeska, mwongezee samaki. Mpe kipande cha kichwa."

Robi alikuja akakunja goti. "Shikamoo, shangazi." Alikuwa amekuwa mrefu, na jino moja la mbele limeng'oka. Gauni lilimbana mabegani.

Saa kumi majirani walifika na vigoda vyao. Robi alikaa chini karibu na Boke, uso ameuelekeza juu ya kichanja, kati ya masufuria yaliyofunikwa. Ngurumo ikaanza: mapipa ya Bernado, kisha gita. Boke hakuwahi kuusikia muziki wao tangu uhamie huku, na moyo wake ulijaa. Ulikuwa mzuri. Bernado alikuwa anakimbia kidogo kwenye mapigo.

Robi alisubiri.

"Leo ni mapipa tu," alisema. "Mama hajaja."

"Mama yupi?"

"Yule wa kwenye kichanja. Mama Jeska ni wa kupika, yule ni wa kuimba."

"Umejuaje kama ni mama?"

"Anajuaga jina langu. Anajua na mvua ya mawe."

Boke akamshika mkono. "Robi, ni mimi."

Mtoto alimtazama kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mkubwa bila kutaka kumwaibisha. "Wewe ni shangazi. Mama haonekanagi."

Hapo Boke akamwimbia ule wimbo, polepole, sikioni kabisa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, imekwaruzwa na vumbi la barabarani. Robi alisikiliza hadi mwisho.

"Unamwigiza vizuri," alisema, kisha akageuka tena kukiangalia kichanja, na machozi yakaanza kumtoka.

Wazee wa ukoo walikuwepo wote, kwa vile walikuwa hawakosi Jumamosi. Boke akasimama mbele yao. Mzee Nyamhanga, shemeji yake Dafroza, aliomba wenye vigoda wasogee.

"Nataka mtoto wangu," Boke alisema. "Mmesikia wenyewe. Namfikia kila wiki, na hakuna aliyenipeleka."

"Tumesikia," Nyamhanga alisema. "Hapa hakuna anayebisha. Sauti ni yako, na inamfuata mtoto. Lakini ng'ombe, binti yangu? Ng'ombe wako kwa wakwe wa Leonardi. Tukivunja ndoa hii, warudi. Wakirudi, mke wa Leonardi arudi kwao. Watoto wake wanne nao?"

Boke alimpenda wifi yake.

"Basi nyimbo zangu," alisema. "Mnazisikiliza bure. Hizo angalau ni zangu."

Wazee wakainamiana. Walizungumza kwa kirefu, kwa heshima, huku ngurumo za mapipa zikiendelea. Kisha Nyamhanga akarudi kukaa wima.

"Mtoto ulimzaa ukiwa mke wa nyumba hii, na yeye ni wa nyumba hii. Nyimbo nazo umezitoa ukiwa bado mke wa nyumba hii, na zenyewe zimekuja uwanjani kwa Dafroza bila kutumwa. Tunaona ni za Dafroza. Hatukukatazi kuzipiga."

Hakuna aliyecheka. Wengine waliitikia kwa vichwa, kwamba limeamuliwa vizuri. Dafroza peke yake hakuitikia. Alimsindikiza Boke hadi njia ya stendi, akimbebea mkoba, na gauni likabaki kwa Robi.

"Usiache kuja, mke wangu. Leo mtoto hatakula. Akikosa kukusikia halagi."

"Nimekuja, mama. Si nilikuwa nimekaa naye?"

"Nasema kule kwenye kichanja unakokujaga."

Pastory na Bernado walikuwa wanamngoja Musoma, wameoga, wamevaa mashati safi. Kati yao wote ni yeye tu aliyekuwa ameusikia muziki wao tangu uhame.

"Haya, tuambie," Pastory alisema. "Tukoje?"

"Tuko vizuri. Gita linalia kama mtu anayejizuia kulia. Bernado unakimbia."

"Nakimbia!" Bernado alishika kichwa, akatabasamu. "Mtambo wenyewe ulikuwaga unakimbia." Halafu akauliza, "Na mtoto?"

"Anampenda mama yake," Boke alisema.

Hawakumuuliza zaidi. Pastory alimchemshia chai, akaiweka karibu yake, ikapoa.

Hakupanda tena basi la Bunda. Angekuwa pale, kwa Robi mama asingekuwepo. Hilo lilikuwa wazi, na aliishi nalo kama watu wanavyoishi na mguu mfupi. Majirani walizoea. Kule Manyamanyama Jeska alihamisha kichanja ili watu wapate kivuli, na sauti ikahama nacho. Mwaka uliofuata wazee walikubaliana kwamba Dafroza awe anatoza kiingilio kidogo, akanunua bati.

Na kila Jumamosi, dagaa wakianuliwa, Boke aliketi ghalani na litungu mapajani. Mapipa yaliyumba. Alipiga nyuzi asizozisikia, akaimba wimbo wa kulaza hadi mwisho, kisha akasogeza mdomo kwenye kinasa.

"Robi," alisema. "Umekula, mama?"

Akanyamaza kwa muda ambao mtoto angehitaji kujibu. Kisha akaendelea.