Mvua ya Shemeji

Kila Jumamosi mchana, fundi cherehani aliondoa vitambaa mezani akatandaza ramani aliyoichora mwenyewe. Katika mchezo wao yeye alisimulia mambo ya dunia; shemeji yake na binamu yake walikuwa miungu, wakirusha dadu kuamua litakalotokea.

Siku hiyo wanakijiji wa kwenye ramani waliomba mvua.

“Wamezidi kuombaomba. Nawazamisha wote,” shemeji alisema, mdomo umejaa karanga. Dadu ikamkubalia. Binamu akacheka hadi machozi.

“Na watoto wao?” fundi aliuliza.

“Shem, si karatasi tu hii?”

Miezi mitatu fundi amewapa uwezo wote, na hawajaponya hata mbuzi.

“Tokeni,” alisema. “Nyinyi hata uungu mnautia najisi.”

Akakunja ramani, akarudi kushona sketi ya mteja bila kuwasindikiza.