Mlango Unaoanza na Moja

Nimejilaza mkekani mchana, nimekaa eda, simu iko mkononi. Marehemu mume wangu, Shaweji, aliniachia maneno kumi na mawili, akasema ndiyo mzizi wa funguo zote za pochi yake ya bitkoini, zile pesa za mtandaoni, na vilivyomo ni vyangu. Nimeyaingiza yote kwenye simu, pochi imefunguka kwa anwani mpya inayoanza na bc1, ndani hamna kitu. Wifi yangu Mwanahawa kasema, si nilikwambia? Kaka yangu alikuwa anakudanganya. Neno hilo linaniuma kuliko msiba wenyewe. Macho yanafumbika, mkeka unakuwa barabara, nami natembea, loo, mjane wa eda nazurura mjini bila hata buibui!

Barabara haina mwisho. Nyumba ni zile zile kila mtaa, ila milango ndiyo inayotofautiana: huku namba zake zinaanza na moja, kule na tatu, kule na bc1. Mkononi nina ufunguo mmoja. Nafungua mlango wa bc1, mpya, unang'aa. Chumba kitupu. Kizingitini kakaa mtu asiye na uso. Namuuliza, Shaweji yuko wapi? Anasema, mama yako anakuitaje? Zamda. Na majirani? Mama Nuru. Na Shaweji? Kipenzi, nasema. Hao ni watu wangapi? Ala, si mmoja! Basi ufunguo nao ni mmoja, anwani ndizo nyingi. Salamu aliyopelekewa Kipenzi usiitafute kwa Mama Nuru. Mumeo alianza lini kuweka bitkoini? Zamani, kabla hajanioa. Sasa unahangaika na mlango mpya wa nini?

Nakimbia. Mtaa wa zamani unanikwepa, unarudi, unanikwepa tena, hadi naushika mlango unaoanza na moja. Ndani mtu anakohoa. Namjua kwa kikohozi tu. Shaweji, nina hamu nawe mume wangu, nakufa. Anasema, umechelewa, chai imepoa. Naingiza ufunguo, unazunguka.

Naamka. Kidole kiko kwenye simu, juu ya maandishi, anwani za aina ya zamani, zinazoanza na moja. Nabonyeza. Inatafuta, inatafuta, kisha inaleta. Bitkoini zimo, zote, kama alivyosema. Hakunidanganya! Nalia, nafungua kinywa nimwite wifi aje ajionee mwenyewe. Lakini jikoni kuna mtu anakohoa, kikohozi kile kile, na vikombe vinagongana. Nafunga kinywa. Simwiti mtu, asije akaniambia nimeamka.