Sifuri za Wodi ya Wazazi

Hakuna aliyejaza fomu kama Bi Mwatum. Wauguzi wenzake waliacha mapengo, waliandika tarehe ya jana, na mmoja alimwagia chai ukurasa mzima, akaukausha dirishani, akaurudisha kwenye faili kama hakuna lililotokea. Fomu za Bi Mwatum zilikuwa safi, kwa mwandiko wa duara wa skuli za zamani, kila kisanduku na jibu lake. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya mjini, upande wa Ng'ambo, karibu mno na uwanja wa Amani, hata siku za mpira mzazi hujua nani kafunga kabla hajajua mtoto wake ana uzito gani. Miaka yote hiyo hakuwahi kusifiwa kama alivyosifiwa katika miezi mitatu ya utafiti. Na alipenda kusifiwa, tusimsingizie unyenyekevu.

Utafiti wenyewe haukuwa wa maabara wala wa wageni wenye mabegi. Daktari Rahila, mkuu wa wodi, aliona kuwa dawa ya maumivu inatolewa kwa mazoea tu: mama aliyepasuliwa akiomba kidonge anapewa, asipoomba basi. Akauliza kikaoni, tumejuaje kuwa hii ndiyo njia njema? Basi wakakubaliana, kwa ruhusa ya wakubwa na ridhaa ya wazazi wenyewe, kuwa wiki moja kidonge apewe anayeomba, na wiki inayofuata kitolewe kwa saa, kila baada ya saa sita, umeomba hukuomba. Asubuhi na jioni mama aulizwe: kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni mangapi? Kazi ilikuwa ileile ya kila siku, ila sasa inaandikwa na kupimwa.

Majibu yakaja kama mvua ya vuli, kidogo kidogo na ya namna moja. Sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri. Wiki ya kuomba sifuri, wiki ya saa sifuri. Aliyefurahi zaidi ni Kheir, mfamasia, mtu mwema lakini mwenye kushika vidonge kama vimetoka mfukoni mwake.

"Mnaona? Hawaumwi," alisema. "Basi turudi kwa wanaoomba, vinavyobaki vikasaidie wodi nyingine."

Ikapangwa Alhamisi kiwe kikao cha kuamua. Bi Mwatum naye akaambiwa kuwa siku hiyo atasimama kuwaeleza wauguzi wa hospitali nyingine namna ya kujaza fomu, na tayari alishatoa buibui jipya sandukuni.

Jumanne asubuhi alifika kitanda cha Sichana, mtoto wa dada yake, mkulima wa mwani wa Matemwe, aliyepasuliwa siku moja kabla akapata mtoto wa kike. Ilikuwa wiki ya kuomba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu mangapi?"

"Alhamdulillahi. Sijambo kabisa."

Bi Mwatum akaandika sifuri yake nzuri ya duara, akaondoka. Alipofika mlangoni akakumbuka kuwa hakumpa salamu za dada, akarudi. Sichana alikuwa amegeukia ukutani, pembe ya kanga katikati ya meno, machozi yanamtiririka. Mtoto alikuwa analia kwenye kitanda chake kidogo, hatua moja tu kutoka kwa mama yake, na mama yake hawezi kumfikia.

"Hee! Si umenambia hujambo sasa hivi?"

"Ulitaka nseme nini? Umekuja na kalamu, watu wote wanasikia." Sichana akafuta uso. "Na wewe ndiye uliyenifunza. Ukiulizwa hali, shukuru."

Bi Mwatum akamnyanyua mtoto, akamweka kifuani kwa mama yake. Kisha akasimama wima kama polisi wa barabarani.

"Niombe."

"Nikuombe nini?"

"Kidonge. Wiki hii hapewi asiyeomba. Sema, mwanangu."

"Nakuomba kidonge, mama mdogo," alisema Sichana, na hata katika maumivu yale akatabasamu kwa aibu.

Alipokwisha kumpa, Bi Mwatum aliacha fomu mezani na kupita kitanda kwa kitanda, akikaa ukingoni na kuuliza kwa sauti ya chini. Mama wa kitanda cha pili, aliyesema sifuri saa moja iliyopita, alimtazama kwa mshangao.

"Bi Mwatum, Mungu kanipa mtoto mzima. Nikwambie saba? Nitaonekana sina shukurani."

"Kwani ni saba?"

"Ni tisa."

Wa kitanda cha tatu alisema hakutaka kumlalamikia mtu mzima mwenye kazi nyingi. Wa nne alisema nane, kisha akaomba radhi kwa kusema nane.

Bi Mwatum akaingia chumba cha mashuka akakaa juu ya bunda la shuka safi. Fomu mia mbili na kumi na mbili, zote kwa mkono wake. Nani angejua? Hakuna. Angevaa buibui lake, angesifiwa, na kuanzia Jumamosi kidonge kingerudi kusubiri kuombwa na wanawake wasioomba kitu. Alijionea aibu mpaka masikio yakapata moto.

Alhamisi alivaa buibui lile lile jipya, maana lilikuwa limeshapigwa pasi. Alipoitwa akasema, "Fomu zangu ni nzuri sana, na hazina faida hata moja." Akaeleza yote, ya Sichana na ya kitanda cha pili.

Kheir akauliza, "Kwa hivyo wazazi wametudanganya?"

"Hawakudanganya. Wamejibu walivyolelewa. Wenye kosa ni sisi, maana tumelelewa nyumba hizo hizo na hatukukumbuka."

Daktari Rahila aliisukuma faili kando, na Bi Mwatum akaona kuwa sasa miezi mitatu ya mwanamke huyu imekwenda na maji. Kisha daktari akajishika paji la uso.

"Mimi mwaka juzi nilijifungua kwa kupasuliwa," alisema. "Nilikuwa siwezi kugeuka. Muuguzi aliponiuliza, nikasema sijambo." Akaanza kucheka, na chumba kizima kikacheka, hata Kheir. "Tufanyeje, Bi Mwatum?"

"Tusiwaulize. Tuwatazame. Tuandike saa ambayo mama kanyanyuka peke yake, akambeba mwanawe bila mkono wa mtu."

Wakaanza upya, kwa wiki zile zile za kupokezana. Kwa Bi Mwatum ilikuwa adhabu. Mikono yake ilishazoea kumnyanyua kila anayejikokota, na sasa aliambiwa asimame kando, asogee pale tu mama akitaka kuanguka au akiita. Alisimama ameifumbata nyuma ya mgongo, akitafuna midomo. Fomu zake zikaharibika: saa zimefutwa na kuandikwa tena, alama za kila namna, siku moja hata doa la jasho. Hakuna aliyezisifu.

Baada ya miezi minne Daktari Rahila akawaita, akaweka karatasi mezani. Wazazi wa wiki za saa walianza kuwabeba watoto wao mapema kuliko wenzao wa wiki za kuomba, kwa karibu siku nzima, na mapema hivyo wakaanza kunyonyesha. Kheir alisoma mara mbili, kisha akasema vidonge vitapatikana, na kuwa atavileta wodini yeye mwenyewe. Tangu siku ile, kidonge katika wodi hiyo hakisubiri kuombwa.

Wenzake walipokuwa wakipongezana, Bi Mwatum alitoka nje akasimama ukumbini. Alifurahi, na furaha ilikuwa ya kweli. Lakini alikuwa akiwahesabu wale wa miaka ishirini na sita, wote waliomwambia hawajambo naye akapita. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akatazama saa ya ukutani, akaona imefika sita, akalibeba sinia la vidonge na kuanza na kitanda cha kwanza.